Safari ya Kuzifuata Kuta za Mwalimu Odindo

Mmenisumbua vya kutosha. Bi. Rehema ameniuliza kwenye ngazi za posta. Mwenyekiti ameniuliza matangani, tena mbele ya wafiwa. Wengine wenu mnaniuliza kwa macho tu, na hayo ndiyo yanayoniudhi zaidi. Mnataka kujua mambo mawili: kwa nini karatasi mlizotukabidhi zilirudi nyeupe kama zilivyokwenda, na kwa nini mimi, mpanga herufi wenu, niliporudi kazini nilizivunja kurasa za kile kijitabu chetu chekundu, zilizokuwa zimepangwa kwa herufi za risasi na kufungwa uzi zikingoja kuchapwa mara ya pili. Basi nawaandikia wote kwa pamoja, nisirudie tena. Aloo anasema ataongeza ya kwake akipata nafasi, lakini mnamjua Aloo, ataanza na alichokula.

Kwa wale waliojiunga juzijuzi na Jumuiya yetu ya wasomaji wa Mwalimu Odindo, nianze na Mwalimu mwenyewe. Odindo alikuwa karani katika kijimgodi cha tajiri mmoja huko nyuma ya Macalder. Si ule mgodi mkubwa, ni kishimo tu ambacho leo kimeota miti. Siku moja shimo hilo liliporomoka, likamfunika yeye pamoja na wachimbaji. Yeye alitolewa hai, wenzake hawakutoka. Akaja na habari ya mji aliouona kule gizani, mji usio na lango, ambamo mgeni haulizwi ametoka wapi bali huulizwa amemwacha nani nyuma. Tangu hapo hakuishika tena kalamu ya tajiri. Alijenga nyumba ya udongo, akawa anaandika fikra zake kwa mkaa kwenye kuta za ndani, na aliziandika kwa Kiswahili kwa kuwa mgodini walikuwepo Wajaluo, Wakuria, Wakisii na Wanyamwezi, naye alitaka wote wasome. Karani mwenzake alinakili ukuta mmoja zamani sana, na nakala hiyo ndiyo kijitabu chetu. Yaliyobaki yote yalikuwa kule ukutani. Mwalimu mwenyewe alikwisha kufa kabla ya Uhuru.

Na mimi mnanijua, ingawa kwa heshima hamlitaji jambo lenyewe. Fundi wa nguzo za shimo lile alikuwa baba yangu, Mzee Ramadhani, na alibaki chini. Tangu utotoni nimesikia watu wakinong'ona kwamba nguzo zake ndizo zilizowaua wenzake. Mama yangu aliikimbia minong'ono hiyo akaja nasi Kisumu, akatulea kwa vitumbua. Yule karani aliyenakili, Mungu amrehemu, aliniambia kabla hajafariki, "Idi, baba yako yumo ukutani, nyuma ya kitanda. Odindo ameandika yote yaliyotokea mle shimoni. Lakini nenda ukasome mwenyewe, mwanangu. Hayo si maneno ya kuletewa."

Kwa hiyo siku ile mlipotafuta mtu wa kwenda kuzinakili kuta kabla masika hayajaanza, nilinyoosha mkono Mwenyekiti akiwa bado anazungumza. Nyinyi mkadhani ni mapenzi ya falsafa.

Aloo, mweka hazina wetu, akapewa kazi ya kunisindikiza na kunisemea Kijaluo changu kinapokwama. Akasema mtu haingii boma la watu kama mwizi, lazima salamu zitangulie. Tukazituma kwa mchuuzi mmoja wa ngozi aliyekuwa akielekea upande huo: wageni kutoka Kisumu wanakuja kuiona nyumba ya Mwalimu Odindo, na siku watakayofika. Hayo tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya wake. Mama yangu naye aliniambia neno moja tu mlangoni, "Ukifika usisome mbiombio. Soma taratibu, uelewe."

Kwa meli, Kisumu hadi Homa Bay

Mnajua ziwa lilivyokuwa limepanda. Gati za kando zilikuwa chini ya maji na meli haikujua ikanyage wapi. Kule Kendu tulikaa tukingoja mitumbwi ije kuchukua abiria, na mitumbwi ilipokuja ikaanza kupakuliwa marobota ya pamba iliyokuja nayo kabla ya kuchukua watu. Jua likatupiga mpaka bunda langu la karatasi likaanza kujikunja pembeni. Nilivua koti nikalifunika. Nikabaki nikiungua mimi, karatasi zikiwa kivulini.

Karibu nasi alikaa katekista mmoja, mtu mnene mwenye kofia ya mkonge, aliyekuwa na samaki wa kukaanga ndani ya gazeti. Alimgawia Aloo, kisha akamhoji.

"Huyo mwanafalsafa wenu alikuwa wa dhehebu gani?"

"Hakuwa na dhehebu, baba," Aloo akajibu, mdomo umejaa samaki.

"Sasa mtu bila dhehebu, hiyo maneno yake mtaichapa ya nini? Nani atanunua?"

Nikamwambia kwamba maneno ya kweli hayahitaji cheti cha ubatizo. Akanitazama, akalifunga gazeti lake na samaki waliobaki, akahamia upande wa pili wa meli. Aloo alininunia mpaka tukatia nanga.

Homa Bay, ambako tulifanywa wachimba dhahabu

Homa Bay tulishushwa kwa mtumbwi, viatu mkononi. Tukaingia hoteli moja ya mabati karibu na soko, tukaagiza ugali wa mtama na samaki wa mchuzi, na Aloo, ambaye hajui siri ni mnyama gani, akamweleza mwenye hoteli kwamba tunakwenda Macalder na karatasi nyingi na penseli, kuna kitu cha thamani kimeachwa na marehemu fulani ndani ya nyumba.

Jamani! Maneno hayo yalizunguka soko zima hata kabla sijanawa mikono. Dereva wa lori la mahindi aliyekuwa akielekea Ndhiwa akaja kukaa mezani kwetu bila kukaribishwa. Akasema atatubeba, tena mbele kwenye kiti, lakini tumngoje shemeji yake.

"Shemeji yako ana nini na sisi?" nikamuuliza.

"Ana sururu," akanijibu kwa sauti ya chini, akanikonyeza.

Nilijaribu kumweleza. Nikasema ni maandishi, ni fikra za mtu, ni kuta. Kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kutabasamu na kutikisa kichwa. "Ndiyo, ndiyo. Kuta. Wewe usiseme tena hapa, watu wanasikia." Shemeji alikuwa mbali, na tulimngoja. Ile siku tuliyowaahidi watu wa Macalder kwamba tutakuwa tumefika, mimi na Aloo tulikuwa bado Homa Bay, tumekaa juu ya magunia kando ya lori, tukimngoja mtu na sururu yake.

Alipofika alikuwa na karai pia.

Lambwe, na jogoo wa Ndhiwa

Ukishuka bonde la Lambwe kuna kizuizi cha mbung'o, wale nzi wa malale. Mlinzi wake alikuwa kijana mrefu mwenye wavu wa kipepeo na filimbi, na kazi yake aliipenda kuliko wengi wetu tunavyopenda zetu. Alizunguka lori, akapuliza filimbi, akaona nzi mmoja akiingia kati ya magunia. Basi. Magunia yote chini. Dereva alilia, shemeji akatukana, mlinzi hakujali. Nzi alipatikana, tukaonyeshwa ndani ya kichupa. Alikuwa nzi wa kawaida, wa choo. Mlinzi akasema hata hivyo ni vizuri kuhakikisha.

Katika kuyapakia upya magunia, shemeji aliomba kuliona bunda langu. Nikalifungua, nikamwonyesha karatasi tupu, moja baada ya nyingine. Pale ndipo alipoamini. Tangu hapo hakunisemesha, na dereva akaniondoa kwenye kiti cha mbele akaniweka nyuma juu ya mahindi.

Ndhiwa tulikuwa tupite tu. Lori lilikuwa lipakue kidogo, kisha liendelee kutusogeza karibu na mto Kuja. Lakini Ndhiwa anakaa shangazi yake Aloo, na shangazi alikuwa sokoni, na shangazi alituona.

"Aloo! Unapita boma langu na mgeni ana njaa?"

"Shangazi, lori linaondoka sasa hivi," nikasema mimi.

"Lori ni ya mtu, itangoja. Mgeni anakula jogoo kwanza."

Aloo akaninong'oneza, "Ukikataa jogoo, umekataa boma. Nitaambiwa hilo mpaka nizeeke."

Ningemeza hata jogoo mzima kama angekuwa tayari ameiva. Lakini shangazi alikuwa mtu wa adabu zake. Alisikia jina langu, akajua mimi Mwislamu, akasema basi jogoo achinjwe na mimi mwenyewe ili moyo wangu utulie. Jogoo alikuwa bado anatembea. Tulimkimbiza nyuma ya ghala, tukamkimbiza kwenye mtama wa jirani, Aloo akaanguka, watoto wakacheka. Nikiwa nimemshika hatimaye, kisu mkononi, nasoma bismillahi, nikasikia lori likibadilisha gia kule barabarani, likiondoka.

Nilikula huku nimekunja uso. Shangazi hakuona, au aliona akaniachia. Alikuwa na furaha, ananiongezea mchuzi. Akatuambia kwamba mchuuzi wetu wa ngozi alipita hapo na salamu zetu, na kwamba Macalder wanatungoja. "Wanawake ya kule wanajitayarisha sana," akasema. "Mtaona. Hiyo boma haijapata mgeni tangu mzee alale."

Aloo akasema hiyo ni habari njema. Na mimi nikakubali, nikalamba vidole.

Mto Kuja

Tulitembea sehemu, tukabebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe sehemu, na mto Kuja tulipoufikia ulikuwa umejaa, maji mekundu yakibeba miti mizima. Mwenye mtumbwi alikuwa ameuvuta juu kabisa na amelala ndani yake. Akafumbua jicho moja akatuambia maji yakipungua atatuamsha.

Hayakupungua haraka. Watu walizidi kukusanyika: wanawake na vikapu vya omena, wale dagaa wa ziwani, na Mkuria mmoja mtu mzima aliyekuwa akirudi kwao mpakani na ndama wawili. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, tukaongea. Aliwahi kubeba kuni za mgodini enzi zile. Aloo, kwa nia njema kama kawaida yake, akamuuliza kama analikumbuka shimo la Mwalimu Odindo.

"Lile shimo la nguzo mbovu?" akasema. "Nani hakumbuki."

Nikamgeukia.

"Nani alikwambia zilikuwa mbovu?"

"Kila mtu anajua. Fundi aliweka mti mbichi. Wakafa watu kama panya."

"Uliziona wewe? Uliingia mle ndani ukazipima?"

Alishangaa. Aloo alinishika mkono. Nikamwambia yule mzee kwamba kuna mtu mmoja tu aliyetoka mle hai, na ameandika alichokiona, na mimi ninakwenda kusoma. Nikamwambia nikirudi nitamtafuta hata huko mpakani nimsomee neno kwa neno, mbele ya watu. Akaniuliza kwa upole, "Kwani fundi alikuwa nani kwako?" Akakata kipande cha muwa wake akanipa, nikakipokea kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Tulivuka maji yalipotulia, tumeinama ndani ya mtumbwi, bunda la karatasi likiwa juu ya kichwa changu.

Macalder

Wa kwanza kutuona walikuwa wanawake waliokuwa wakinawa kijitoni chini ya boma. Mikono yao ilikuwa na udongo mwekundu mpaka viwikoni. Wakapiga vigelegele. Mmoja akakimbia mbele kupeleka habari, na wengine wakatusindikiza wakiimba, na mmoja akanipokonya bunda akajitwisha. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Nikajisemea, watu hawa bado wanamheshimu mwenzao.

Nyumba ilikuwa nzuri sana. Nje imesiribwa kwa udongo laini, juu nyekundu, katikati mstari mweupe wa chokaa, chini nyeusi, na kando ya mlango wamechora maua kwa vidole. Ua umefagiwa. Mjane wa Mwalimu, Min Atieno, mama mwembamba mwenye leso mpya kichwani, alitoka akatushika mikono yote miwili. Kiswahili chake alikipata mgodini.

"Karibuni. Mlichelewa! Tuliwangoja mpaka tukachoka kungoja."

Tukaomba radhi, tukaeleza lori, nzi, jogoo, mto. Walicheka. Kisha akasogea kando ya mlango na kutuonyesha ndani kwa mkono, na niliinama nikaingia.

Harufu ya udongo mbichi na mavi ya ng'ombe ilinipokea kwanza. Macho yalipozoea kiza nikaona kuta. Zilikuwa safi. Laini, zote nne, kutoka darini mpaka sakafuni, na kule chini zilikuwa bado na unyevu. Kitanda kilikuwa kimevutwa katikati ya chumba ili mkono ufike vizuri nyuma yake.

Nilizunguka. Nikazunguka tena. Aloo akasema polepole, "Labda ni nyumba nyingine."

"Aloo, nyamaza."

"Kwani iko mbaya?" Min Atieno akauliza mlangoni. Uso wake ulikuwa umeanza kuingiwa na wasiwasi. "Pale nyuma ya kitanda nilisiriba mimi mwenyewe. Hawa wengine walifanya ile kuta ingine."

"Mama," nikasema, "maneno ya Mwalimu yako wapi?"

"Hayo yako hapo chini ya udongo." Alisema hivyo kama mtu anayekuonyesha mtungi uko wapi. "Yeye alikuwa hivyo kila mwaka. Mavuno ikiisha ananiambia, Min Atieno, funika. Nafunika. Ikikauka anaanza tena mpya. Tangu alale sijasiriba, nilikuwa nasiriba kwa nani? Hakuna mtu alikuja. Sasa nyinyi mmesema mnakuja, nitaweka aje wageni kwa nyumba iko na masizi? Siku ile mlisema, tulikuwa tumemaliza nje peke yake. Mkakosa kuja, wenzangu wakasema basi, kama wamechelewa, tusiribe na ndani."

Ndugu zangu, zile kuta zilikaa miaka yote hiyo bila kuguswa na mtu. Zingekuwepo mpaka leo kama tusingepeleka salamu.

Nilichukua kisu cha Aloo nikajaribu kukwangua pale nyuma ya kitanda, taratibu, kwa ncha. Udongo mbichi ulitoka, na ule wa zamani chini yake ukatoka nao, umeng'ang'aniana na mkaa, ukabaki unga mweusi viganjani mwangu. Mahali pamoja niliona mstari mweusi wa urefu wa ukucha. Ulikuwa mguu wa herufi, au moshi tu. Nilipoupuliza vumbi, ukaenda na vumbi. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni wananitazama nikiharibu kazi yao, wala hakuna aliyenikemea. Aloo ndiye aliyeninyang'anya kisu.

Nikakaa kwenye kitanda cha marehemu bila kuomba ruhusa. Nikamwambia mjane, "Mama, mimi ni mtoto wa Ramadhani. Fundi wa nguzo."

Aliniangalia usoni. "Ndiyo," akasema. "Unafanana yeye hapa kwa paji."

"Mwalimu aliandika nini juu yake?"

"Mimi sijui kusoma, wuoda." Aliniita mwanangu, na sauti yake ilishuka. "Hiyo ukuta ya hapo ndiyo ilimsumbua. Anaandika kidogo, anatoka nje, anakaa, anarudi. Ilimchukua muda kuliko zote. Nikimuuliza ananiambia, hii si yako, hii ni ya watu watakuja kuuliza."

"Nimekuja kuuliza, Mama."

"Ndiyo," akasema. "Umekuja." Na akaanza kuelewa alichokifanya, nikamwona anaelewa, akashika leso yake kwa mikono miwili. Sikuweza kumtazama.

Alitoka. Nikadhani amekwenda kulia. Alirudi na kipande cha kibuyu kimejaa vipande vya mkaa vilivyochaguliwa vizuri, akaniwekea magotini.

"Haya. Huku juu imekauka. Andikeni."

"Tuandike nini?"

"Mimi nitajua aje? Si nyinyi ndio watu ya Mwalimu? Mimi nilijua mnakuja kuandika. Ndiyo maana nimesiriba." Alitazama bunda la karatasi, akatutazama sisi. "Karatasi yote hiyo mlibebea nini, kama hamna kitu ya kuandika?"

Aloo alitazama chini. Mimi nikasimama, kwa aibu tu, nikachukua mkaa na nikaandika sentensi ya kwanza ya kijitabu chetu, ile mnayoijua nyote kwa moyo, ile Bi. Rehema aliyoitundika ofisini: *Nimeuona mji usio na lango, na kila aliyeingia ameulizwa amemwacha nani nyuma.* Nikamsomea kwa sauti.

Min Atieno alitikisa kichwa, bila ubaya wowote.

"Hiyo ni ya zamani sana. Hiyo alisema alikosea. Alisema hakuna mji aliona. Ilikuwa giza, na watu wakiitana. Alisema alitunga mji kwa sababu watu walikuwa wanamuuliza kila siku ameona nini. Akaniambia, funika. Hiyo ndiyo ukuta ya kwanza mimi nilifunika kwa hii nyumba."

Akangoja kidogo, mikono imefungwa mbele.

"Mengine?"

"Hakuna mengine, Mama," nikamwambia.

Walitupikia, tukala. Aloo alikula kidogo, na mnajua maana yake. Wakati wa kuaga Min Atieno alituuliza tutarudi lini kumalizia ukuta. Aloo akamwambia baada ya mavuno.

Migori, na nyumbani

Tulirudi kwa njia ya Migori, kwa basi, maana sikutaka kuuona mto ule tena wala kukutana na mzee wa ndama. Migori tuliingia mkahawa mmoja wa chai ya maziwa na mandazi. Mandazi yalikuwa ya moto, ya iliki, kama ya mama yangu. Sikuweza kuyamaliza.

Aloo alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Idi, ndugu yangu, sikiliza. Mji usio na lango watu wanaupenda. Kuna mtu alinisomea hiyo sentensi akilia. Si tuwaambie wenzetu kuta zimeharibiwa na mvua? Tuchape kile kijitabu tena, na kama ni lazima kuongeza, wewe unajua anavyosema Mwalimu kuliko mtu yeyote. Andika kurasa chache. Ni nani atajua?"

Nilipiga meza, vikombe vikaruka, watu wakageuka. Nikamwambia siwezi kumtia mtu maneno mdomoni, tena maiti. Nikamwambia yule mtu alitumia maisha yake yote kuufuta mji ule, na sisi tumekuwa tukimchapia. Nilisema mengine ambayo sitayaandika hapa. Aloo alilipa chai, akanibebea bunda mpaka kwenye basi, na hajalisema jambo hilo tena, kwa hiyo msimkasirikie.

Sasa mnajua kwa nini nilizivunja zile kurasa. Asubuhi niliyorudi kazini nilifungua uzi, nikazirudisha herufi za risasi moja moja kwenye visanduku vyake, na ilinichukua mpaka mchana. Mwenyekiti ana haki ya kunifukuza kwenye Jumuiya, ingawa sijui Jumuiya ya nini sasa.

Lakini kuna jingine ambalo hamkuniuliza, na nikiwaficha hili nitakuwa nimewadanganya. Siku niliyofika nyumbani, kabla ya kazi, kabla ya herufi, nilimkuta mama uani anapepeta mchele. Hakungoja nimwamkie. Aliweka ungo chini akaniuliza, "Umesoma?"

Nikasema nimesoma.

"Taratibu?"

"Taratibu, mama."

"Amesemaje kuhusu nguzo?"

"Amesema zilikuwa imara," nikamwambia. "Amesema ni mlima ulioporomoka, si nguzo."

Mama aliinamisha kichwa. Akasema, "Nilijua," akachukua ungo wake akaendelea kupepeta, na tangu siku hiyo anawasimulia majirani jinsi Mwalimu Odindo alivyoandika.

Hayo ndiyo maneno pekee ya Mwalimu niliyorudi nayo, na nimeyatunga mwenyewe. Msiyachape.